Walivyomsimamisha Baba Mdogo

"Kama si mimi, basi ni nini?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa nje ya wodi ya wanaume, hospitali ya Mpanda, anasugua bakuli la uji kwa majivu. Hakuuliza kwa ukali wala kwa kulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama treni imeshaingia. Nilikuwa na miaka miwili ya chuo kikuu kichwani, na chuo kilikuwa kimenifundisha kwamba kila swali gumu hujibiwa kwa kuanza na maneno "kwanza ni lazima tujiulize." Nikasema, kwanza ni lazima tujiulize. Akasubiri. Akamaliza kuosha bakuli, akaliosha tena, na bado hakikufuata kitu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi likizo kwetu Mpanda mjini kutoka Dar es Salaam nimejaa dharau kuanzia kisigino hadi utosini. Nilidharau treni kwa kuchelewa, nilimdharau mama yangu kwa kuamini kila kilichosemwa redioni, nilimdharau padri kwa kutuhubiria mahubiri ya mwaka uliopita bila hata kubadilisha mfano. Dharau hiyo ilikuwa imekaa tu, haina kazi maalumu. Likizo ile ikaipa kazi.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja. Kwao ni Mpimbwe, kwa watu wa mpunga, ambako mtu hulima ardhi iliyo chini ya miguu yake na hana sababu ya kupanda juu ya kitu chochote. Yeye akaolewa na mtu wa nyuki. Kijiji cha mume wake kilikuwa upande wa Ugalla, pale nyumba zinapoisha na msitu wa miyombo kuanza. Kila mwaka mvua zikikatika, wanaume wa ukoo ule waliingia porini wakakaa kambini majuma kadhaa, wakilina asali kwenye mizinga ya zamani na kutundika mipya. Mizinga ilikuwa ya magome ya miti, na ilitundikwa juu sana, nyegere asiifikie. Mtu alipanda na kamba kiunoni, akakaa kwenye tawi kama kunguru, akauvuta mzinga kutoka chini huku wenzake wakimpigia kelele za ushauri ambao hakuuomba.

Baba mdogo, yaani mume wake, alifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijamwota. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye matusi mengi ya kuchekesha, na alikuwa mtu pekee katika ukoo ule aliyenisikiliza nikiongea bila kusinzia.

Kambi ilikuwa na sheria zake, na karibu sheria zote zilimhusu mtu asiyekuwepo kambini. Mke aliyebaki nyumbani asigombane na jirani. Asisuke nywele. Asitoe moto nje ya jiko lake. Juu ya yote, asiguswe na mwanaume, maana mti utajua. Niliwahi kuuliza, nikiwa bado sekondari, mume naye akiwa kambini ana sheria gani. Nikaambiwa asipige mluzi. Basi. Mti wa Ugalla ulikuwa na masikio ya kusikia kitanda kikilia Mpanda mjini, lakini kwa mambo ya wanaume ulikuwa kiziwi, ila mluzi.

Na walikuwa na kipimo. Sijawahi kukisikia kwa watu wengine wa nyuki, na nimeuliza. Nadhani kilikuwa cha ukoo ule tu, labda cha babu mmoja mwenye wivu. Mtu akianguka kutoka mtini, kabla ya jambo lolote, wawili walimshika kwapani wakamsimamisha pale pale kwenye shina. Akisimama, basi ni bahati mbaya, wanacheka, wanamlambisha asali, kazi inaendelea. Magoti yakikunjika, kuna mtu nyumbani ameharibu.

Baba mdogo alianguka jua likiwa juu, alipokuwa akifunga mzinga mpya. Wakamsimamisha. Magoti yakakunjika.

Wakamsimamisha tena kwa uhakika zaidi, maana kaka yake mkubwa, aliyekuwa kiongozi wa kambi, alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumhukumu mke wa mtu kwa kipimo kimoja. Magoti yakakunjika tena. Hapo wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli, wakamfunga kwa kamba kifua kwa mgongo na mwendeshaji, na kumtoa porini kwa njia ya mizizi na mashimo, kichwa kikiyumba nyuma na mbele njia nzima. Waliofuata kwa miguu walikuwa wakimrekebisha shingo kila ilipolalia upande mmoja. Walijisifu kwa hilo. Kisha lori la mbao, kisha hospitali.

Nilipomkuta wodini alikuwa anaweza kukunja viwiko lakini vidole havikufumba. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa kama ameazimwa mwili wa mtu mwingine.

"Mwanangu," akaniambia, "nikune pua. Nimeishikilia tangu asubuhi, nakusubiri wewe msomi."

Nikamkuna. Akasema chuo kimenisaidia.

Nikaenda kumtafuta tabibu wa zamu. Nilimpata anakunywa chai.

"Uti wa mgongo," akasema.

"Umefanyaje?"

"Umepata hitilafu. Pale shingoni."

"Hitilafu gani? Umekatika, umebanwa, umevimba?"

"Dada, wewe ni ndugu wa mgonjwa au mwandishi wa habari?"

Nikamwambia mimi ni ndugu wa mgonjwa ninayejua kusoma. Akasema vizuri, kwenye ukuta kuna tangazo la saa za kuona wagonjwa, nikalisome.

Kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nikaanza utafiti wangu. Ndivyo nilivyouita, nikiwa na umri ule. Nilikuwa nikimpelekea mama mdogo chakula, na nikishakipeleka nilizunguka vitanda kuuliza watu walivyovunjika. Kulikuwa na mvuvi wa Ikola aliyejirusha kutoka kwenye boti akidhani maji ni marefu, akakutana na mchanga kwa kichwa. Aliniambia mbaya wake ni mshirika wake wa nyavu za dagaa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa amekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, likayumba karibu na Kabungu, yeye akatua bila magunia. Aliyemfanyia ni jirani yake, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Upande wa wanawake kulikuwa na mama aliyeteleza kwenye tope akiwa na gunia la mpunga kichwani. Yeye aliteleza kidogo tu, gunia likamalizia. Hapo ilikuwa mke mwenzake.

Sikukutana na hata mmoja aliyevunjwa na kina cha maji, au mwendo wa lori, au uzito wa gunia. Wote walivunjwa na watu.

Nikatengeneza nadharia. Wanaume wa Mpanda, nikamwambia mama jioni tukichambua mchele, huvunjika shingo wakitoka juu kuja chini, na wanawake huvunjika wakiwa chini na mzigo juu. Mama akasema hilo hata yeye angeniambia bila nauli ya treni. Niliona hakuelewa ukubwa wa jambo. Nilijiona nimefungua mlango. Niliwauliza wote walianguka kutoka wapi, na nikapanga majibu yao vizuri kichwani. Walifikaje pale hospitali sikuuliza, wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu jibu lilikuwa lile lile na lilikuwa limeegeshwa nje ukutani: baiskeli, na kitambaa cha kumfungia mtu akae wima.

Kaka mkubwa alikuja wodini siku ya soko. Nilimwita baba mkubwa, kama inavyopasa, na nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayetaka ugomvi.

"Marahaba. Mama yako mdogo yuko wapi?"

"Anafua nguo za mumewe."

"Vizuri afue. Mwambie baada ya mgonjwa kurudi nyumbani kuna kikao. Aje amejiandaa kusema."

"Kusema nini, baba mkubwa?"

"Yeye anajua."

"Mimi naomba kujua. Tawi lilikatika, au alikanyaga vibaya?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza jua hulala kwa nani.

"Wewe binti. Tawi ni njia tu. Mtu akija kwako kwa baiskeli, utasema mgeni wako ni baiskeli?"

Darasani tulikuwa tumefundishwa kuheshimu hoja za namna hiyo. Mhadhiri mmoja alitumia muhula mzima kutuonyesha kwamba watu hawa wanajua vizuri tawi limeoza, ila wanauliza kwa nini limemwozea huyu, leo. Tuliandika kwa makini. Wodini, mbele ya mtu aliyenenepa kwa asali ya mdogo wake, niliona ni uvivu tu uliovaa kofia.

Alipoondoka nilimwambia baba mdogo kwamba ndugu zake ni wajinga. Nilitarajia acheke. Alitazama dari.

"Wewe unawaamini?" nikamuuliza. "Unaamini mkeo alifanya hivyo? Alikuwa kwetu. Alimleta mtoto hospitali, ana malaria. Alilala na mimi kitanda kimoja, na usiku ananipiga mateke."

"Najua anavyopiga mateke."

"Basi sema."

"Mwanangu," akasema, "yule tabibu wenu anasema uti umeharibika. Nikamuuliza unatengenezwa wapi, akasema hautengenezwi. Kaka yangu anasema ni kosa la mtu. Nikamuuliza linatengenezwa wapi, akasema nyumbani, akikiri tu. Sasa kati ya hao wawili, wewe ungekuwa umelala hapa, ungemchagua nani?"

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa hoja. Nikasema ningechagua ukweli. "Ni kweli," akasema. "Wewe unatembea."

Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alisikia ya kutosha.

Siku zilizofuata ndipo alipoanza kuniuliza lile swali, na hakuchoka. Kama si mimi, ni nini. Akinipokea chakula, akisubiri maji ya moto, akimgeuza mumewe. Nilipomjibu siku moja kwamba ni tawi, akasema, "Tawi lilimwangusha. Watu wengi wameangushwa pale, wengine kutoka juu zaidi, wamesimama wameenda zao. Nakuuliza kilichomvunja." Nikamwambia kila mwili na mifupa yake. Akasema ahaa. Hakuna neno linalodharau kuliko ahaa ya mtu aliyetegemea msaada wako.

Nilijua alichokuwa akihesabu kichwani. Ukoo ule ukiamua kwamba mke amemwangusha mume, alirudishwa kwao na kisanduku chake, na watoto walibaki. Alikuwa na wawili, wa kike mkubwa akiwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mke aliyekiri mapema, mume akapona, alisamehewa. Mke aliyekataa hakuwa na njia ya kushinda, maana mume asipopona ni ushahidi, na akipona ni kwamba mti umemhurumia mume. Nilimwonyesha jambo hilo kama mwalimu anavyoonyesha kosa ubaoni. Akasema ameshaliona siku nyingi.

"Nitakiri," akasema.

"Utakiri nini? Hujafanya kitu."

"Nitakiri mtu wa kwenye treni. Nilikuja na treni."

"Ulikuja na mtoto mgonjwa mgongoni, umebanwa kwenye behewa na kuku na magunia. Ungefanyaje hata kama ungetaka?"

"Wao hawaulizi ungefanyaje. Wanauliza nani."

"Na ukikiri unadhani atasimama?"

"Sijui," akasema. "Wewe unajua?"

Nilimdharau. Leo naweza kusema maneno mengine mazuri zaidi, lakini wakati ule nilimdharau kuliko nilivyomdharau kaka mkubwa, maana yule angalau aliamini anachosema. Niliona mwanamke mwenye akili anainamisha kichwa mbele ya kamba na magome ya miti. Nikaenda kwenye kikao kijijini kwao nikiwa nimeapa kwamba mimi sitainama.

Kikao kilifanyika uani. Baba mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani, kwa baiskeli tena kutoka stesheni, akalazwa mkekani kivulini. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti, wanawake chini. Mama mkwe wa mama mdogo, bibi mmoja mwenye macho makali, alikaa karibu na kichwa cha mwanawe akifukuza nzi. Waliruhusu niseme kwa sababu nilikuwa shahidi.

Nikasema mama mdogo alilala kwetu, kitanda kimoja na mimi.

"Mjini," akasema mzee mmoja, na wengine wakaguna, kana kwamba nimetaja jina la hawara.

"Nilikuwa naye."

"Ulikuwa umelala. Mtu mzima akitaka kutoka, mtoto wa chuo aliyelala anajua nini?"

"Hata kama angetoka," nikasema, "mti wa Ugalla ungepataje habari?"

Hakuna aliyekasirika. Bibi aliendelea na nzi wake. Nikaona niende kwenye kipimo chenyewe. Nikawaambia mtu aliyevunjika shingo hawezi kusimama, awe ameoa mtakatifu au ameoa kahaba. Mmempima mtu kitu ambacho angeshindwa kwa vyovyote. Ni sawa na kumtupa mtu mtoni amefungwa mikono halafu mseme hajui kuogelea.

Kaka mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemwongoza mgeni njia:

"Hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Hakulegea alipoanguka. Alilegea tulipomsimamisha. Kabla ya hapo alikuwa mtu mzima."

"Kabla ya hapo alikuwa amelala chini, baba mkubwa. Mtu aliyelala chini mtajuaje kama amelegea?"

Vijana wawili waliokaa nyuma wakacheka. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimeshinda kitu, na nikakaa nikijiona.

Mama mdogo akasimama, akakiri mtu wa kwenye treni.

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

Wanawake wakatazamana. Wifi yake mmoja akasema kwa huzuni kwamba wa treni ndivyo walivyo. Mzee akauliza alishuka wapi, akasema alishuka Mpanda. Akauliza alikuwa amevaa nini, na mama mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata juu ya chumvi, akasema shati la bluu lenye mfuko uliochanika. Nadhani mfuko ndio uliowaridhisha.

Kwa ajili ya kumsafisha, walikuwa wametuma mtu kulileta lile tawi kutoka porini. Walilipitisha miguuni kwa baba mdogo, wakammwagia maji yenye majani, mama mdogo akayagusa maji na kuomba radhi kwa sauti ndogo. Tawi lilipowekwa chini nilikwenda kuliokota. Lilikuwa jepesi mno. Ndani lilikuwa limeliwa lote, limejaa vumbi la mchwa. Ungeweza kulivunja gotini. Nikawaonyesha. Nikalivunja kweli, mbele yao.

"Tunajua," akasema kaka mkubwa. "Ndiyo maana lilikatika."

Kisha wakamsimamisha.

Ndivyo kusafishwa kulivyomalizika, kwa kusimamishwa. Wawili wakamshika kwapani, yeye akifumba macho, na nilimwona mama mdogo akitazama magoti ya mumewe kama mtu anavyotazama mlango unaogongwa. Yalikunjika. Kichwa kikaanguka kifuani. Wakamwinua tena. Bibi akaacha nzi.

Mzee mmoja akakohoa, akasema labda shemeji hajasema yote. Labda kuna wa pili. Mwingine akasema inawezekana, treni ina mabehewa mengi. Nawaapia alisema hivyo bila kutania.

"Nilazeni," akasema baba mdogo.

Wakamlaza.

"Nyie, sikilizeni. Asiitwe tena mtu. Mwacheni huyu anipe uji. Nikifa mtamuuliza mnachotaka."

Hilo ndilo lililomweka mama mdogo kwenye nyumba ile, wala si ushahidi wangu wala si tawi. Mume alisema abaki, akabaki. Alimlisha, akamgeuza, akamsafisha vidonda vya kulalia vilivyozidi kukua hadi mfupa ukaonekana, na baba mdogo aliendelea kutukana watu kwa upole mpaka homa ilipomwondoa, mvua zilizofuata. Walimuuliza walichotaka. Arobaini ilipokwisha mama mdogo alirudi Mpimbwe na kisanduku chake. Watoto walibaki. Yule wa kike, niliambiwa, alilifuata gari mpaka lilipokunja.

Mimi nilirudi chuoni. Niliandika insha kuhusu ndoa, uchawi na ufugaji wa nyuki, nikapata alama nzuri.

Maisha yakaenda. Nikaajiriwa, nikahama, nikawa mtu wa semina. Katika semina moja, miaka mingi baadaye, wakatuletea mkufunzi wa huduma ya kwanza. Nilikaa nyuma nikisoma gazeti. Alimlaza mwenzetu mmoja sakafuni, mnene, akasema huyu ameanguka kutoka juu ya dari. Mfanyeje? Watu watatu wakakimbia kumwinua. Mkufunzi akawaacha wamwinue, wamkalishe, wamfute vumbi, kisha akasema asanteni, mmempoozesha. Akaeleza kwamba mifupa ya shingo inaweza kuvunjika na uti ulio ndani yake ukabaki mzima. Mfupa uliovunjika unakaa pale, na makali yake, unamsubiri mtu mwema. Akasema watu wengi hawavunjwi na kuanguka peke yake; wengine humaliziwa na kunyanyuliwa. Ila ukimkuta mtu ameshaokotwa, akasema, huwezi tena kujua ni kipi kilichofanya nini, isipokuwa awepo aliyemwona kabla hajaguswa.

Nikakunja gazeti.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Lilikuwa jambo linalowezekana tu, na nilishajifunza kutoamini kila linalowezekana. Huenda alivunjika pale pale. Huenda tawi lilimaliza kila kitu. Nilibaki na "huenda" yangu kwa muda mrefu.

Halafu yule binti wa mama mdogo akaolewa, mjini Mpanda, kwenye ukumbi wenye mapambo ya vitambaa na muziki wa kuziba masikio. Alikuwa amemtafuta mama yake alipokua, akampata, na siku hiyo mama mdogo alikuwa upande wa jikoni, mzee sasa, amejifunga khanga kiunoni, anapakua pilau na kukataa kupumzishwa. Kaka mkubwa naye aliletwa, kama mkubwa wa ukoo wa baba. Miguu yake ilikuwa imevimba, na walimweka kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni ili apate hewa. Nikakaa naye kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Alikuwa mwema kwangu. Aliniita msomi wetu.

Vijana wa upande wa bwana harusi walimuuliza kaka mkubwa, baba wa bibi harusi alikuwa mtu wa namna gani. Uso wa mzee ukachangamka.

"Mcheshi," akasema. "Matusi, hayo usiseme. Hata siku aliyoanguka alitufurahisha. Alitua kwenye siafu. Sisi tunakuja mbio tukidhani tunakuta maiti, tunamkuta anawapiga mateke, mguu huu, mguu huu, suruali inapepea. Anatuambia, nyie mbwa, acheni kunitazama, nitoleeni wadudu hawa kabla hawajafika kwenye urithi wa watoto wangu." Akacheka mpaka akakohoa, na vijana wakacheka naye. "Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndipo mimi nikasema, haya, desturi ni desturi, mshikeni kwapani."

Dirishani mwiko wa mama mdogo ulikuwa umetulia juu ya sufuria.

Miguu yote miwili, kabla hawajamgusa.